Kitufe Hataki Kutubu

20 Januari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na kifua chako kimepona moshi wa hicho kiwanda cha sabuni. Sisi huku tunaendelea. Goti langu la kulia lilikuwa linanitesa nikikanyaga cherehani, nikahamia la kushoto, sasa yote mawili yanalalamika na angalau hakuna upendeleo. Wifi yangu, mkeo, kahamishiwa kazi wodi ya wazazi. Anarudi hoi lakini anacheka kuliko alipokuwa wodi ya mifupa. Anakusalimu sana, anasema godoro la bweni la kampuni lisikuharibu mgongo. Mwanao Kitufe naye karudi salama kutoka likizo kwako. Dereva wa lori uliyemkabidhi alimleta mpaka mlangoni, Mungu ambariki.

Sasa nikueleze habari za shule, maana wewe ndiye uliyeng'ang'ania. "Shule ya masista, Dada, huko ndiko kwenye adabu." Haya, sikiliza adabu.

Darasa la tatu wanajifunza kuzidisha mpaka kumi na mbili mara kumi na mbili, na hilo silipingi. Wanajifunza mwandiko wa kuunganisha, herufi zimeinama zote upande mmoja kama watu walio kwenye upepo. Nalo sawa. Halafu wanajifunza inzi. Nimeona daftari la Kitufe: yai, buu, pupa, inzi kamili, kamchora mpaka vinyweleo vya miguu, na chini kaandika, "Inzi huleta magonjwa. Tufunike vyoo." Siku ileile nilikwenda shuleni kuwapima watoto magauni ya komunyo, nikaomba choo. Mdogo wangu, sikuingia. Nilifika mlangoni nikageuka, nikabana mpaka nyumbani. Mabuu waliokuwemo mle hawakuhitaji kuchorwa, wangeitwa tu wangekuja darasani kwa miguu yao. Na mwalimu anayefundisha inzi anapita hapo kila siku kaziba pua na leso yenye marashi! Huyo ndiye mwalimu wa darasa, na ndiye mwalimu wa dini pia. Watoto wanamwita Filimbi kwa sababu hata akitaka kusema "karibu" hupuliza kwanza.

Wanajifunza pia kutabasamu. Usicheke. Askofu atakuja mwezi wa sita kwenye komunyo ya kwanza, basi Filimbi anapita mstari kwa mstari na rula, anainua videvu. "Tabasamu la kanisani, si la sokoni!" Kisha wanamwimbia Sista Mkuu wimbo wa kumwita mama mpole. Mpole huyohuyo aliyemvua mtoto viatu uwanjani, akatembea peku siku nzima kwa sababu soli zilikuwa nyekundu. Nilirudi nyumbani na kinyaa kooni.

Kitu kimoja nataka kukuuliza. Tangu arudi, Kitufe kanyamaza. Unamjua huyu ni redio isiyozimwa. Sasa ukimuuliza likizo ilikuwaje anasema "nzuri" na kwenda kufua soksi ambazo ni safi. Aliugua huko? Aligombezwa? Anachouliza yeye ni kimoja tu, kama utakuja kwenye komunyo yake. Nimemwambia baba yako kaahidi.

Na zile nguo za kichanga ulizoniagiza kwa ajili ya mtoto wa msimamizi wako, zilimtosha? Hukuniambia.

Dada yako


14 Februari

Dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya kucheka tu. Goti lako lipake mafuta ya moto na uache ubishi. Mimi mzima. Kazi ipo, mtambo wa kukatia miche ya sabuni umekuwa mbishi kama wewe, nikiufunga huku unafunguka kule. Msalimie mke wangu, mwambie mgongo wangu hauna neno. Wasalimie majirani wote, hata yule anayekudai sindano.

Hayo ya shule, Dada, unayakuza. Vyoo vya shule vimekuwa vichafu tangu enzi zetu na tumekua. Mtoto akifundishwa kutabasamu mbele ya wakubwa ni faida yake, dunia yenyewe inataka hivyo. Masista wanajua kazi yao. Usiende kugombana nao, tafadhali, wewe ukishashika mkasi hujui kuachia.

Kitufe hakuugua. Alikula, alilala, alicheza. Watoto wa umri ule hubadilika tu. Bweni halina watoto wa kucheza naye, huenda alichoka na ukimya akaubeba akarudi nao. Usimhoji sana.

Kuja nitakuja, Mungu akipenda na mtambo ukikubali.

Nguo za mtoto wa msimamizi zilifaa sana, kafurahi mno. Kama una nafasi mshonee nyingine mbili, kubwa kidogo, maana anakua haraka. Kitambaa laini.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Goti limepoa kidogo. Mama mkwe wako kavuna na katuletea gunia, wifi kampelekea shuka mpya. Paka aliyekuwa akilala juu ya vitambaa vyangu kazaa humohumo, juu ya satini nyeupe ya magauni ya komunyo, nikaifua mara tatu na bado naitilia shaka. Hizo ndizo habari njema.

Ulisema nisikuze mambo. Hili silikuzi, nakupa lilivyo.

Kabla ya komunyo watoto lazima waungame kwa padre. Haya, ndiyo dini yetu, sina neno. Lakini Filimbi kaona padre atapoteza muda na watoto wasiojua kusema, basi kaanzisha mazoezi ya kitubio. Kaondoa mifagio kwenye stoo, kaning'iniza shuka, yeye anakaa nyuma ya shuka juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtoto anapiga magoti mbele. Kila Ijumaa. Na anawaambia waseme dhambi za kweli, si za mfano, ili ulimi uzoee!

Sasa niambie, mtoto wa miaka minane ana dhambi gani? Kalamba sukari. Kampiga mdogo wake. Filimbi nyuma ya shuka anasema, "Hizo ndogo. Chunguza dhamiri. Nyumbani kwenu hakuna jambo?" Basi watoto wanachunguza. Wakikosa zao wanaleta zetu. Mtoto wa seremala kaungama kwamba humsaidia baba yake kupaka mbao hafifu rangi ya mbao ngumu. Binti wa Mama Maziwa kaungama kwamba yeye ndiye huchota yale maji. Wiki iliyofuata chumba cha walimu kikaacha kununua maziwa, kisha mtaa mzima ukaacha. Mama Maziwa kamchapa binti yake mpaka majirani wakaingilia. Mimi nimekunywa maziwa yale miaka na miaka, nilijua yana maji, kila mtu alijua, na chai ilinyweka. Leo kila mtu kawa mtakatifu kwa sababu mtoto kadanganywa akasema mbele ya mwanamume aliyekalia ndoo.

Natema mate. Kuna uchafu unaofuliwa na kuna huu.

Kitufe sasa. Anaingia stooni, anapiga magoti, anasema "Tumsifu Yesu Kristo," halafu basi. Kimya. Filimbi anamwacha amepiga magoti kipindi kizima, wenzake wanamruka wakipita. Ijumaa iliyofuata vilevile. Alhamisi jioni hali chakula, Ijumaa asubuhi tumbo linamuuma, na si uongo, nimemshika, limekaza kama ngoma. Wifi kampeleka hospitali kwao, wamempa dawa ya minyoo. Minyoo!

Nimekwenda kwa Sista Mkuu. Alinikaribisha kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, akanisikiliza kichwa upande.

"Mama," akasema, "mtoto anayenyamaza ana kitu anaficha."

"Sista, mtoto anayenyamaza mbele ya mmbea ana akili."

Hakupenda. Kasema asiyemaliza mazoezi hatapokea komunyo na wenzake. Atangoja mwaka mzima akae na darasa la nyuma yake. Kitufe niliposikia analia ilikuwa chooni kwetu, kafungua bomba ili nisisikie.

Nakuomba kitu kimoja. Wewe ndiye baba, na shule hii uliichagua wewe. Mwandikie Sista Mkuu useme hutaki mwanao ahojiwe na Filimbi. Barua ya baba wataiogopa, mimi wananiona mshona magauni tu.

Nguo mbili za mtoto wa msimamizi nitazianza wiki ijayo.

Dada yako


9 Machi

Dada,

Salamu kwa wote. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, naandika hivyohivyo, mtambo unaningoja.

Mtoe Kitufe shule hiyo. Mtoe kesho. Mpeleke ile ya serikali karibu na kituo cha maji, hata kama wako wengi darasani. Wewe ulisema kweli tangu mwanzo na mimi nilikuwa mkaidi. Masista wameharibika. Si haki mtoto kuhojiwa mambo ya nyumbani na watu baki.

Komunyo anaweza kupata baadaye, akikua, akiwa na akili ya kupambanua. Hakuna haraka. Mwambie mke wangu ni amri yangu.

Halafu niambie, kasema nini hasa? Kasema lolote kuhusu likizo? Unajua watoto wana mawazo mengi, wanaona jambo moja wanatengeneza matatu. Akisema kitu usikichukulie maanani, wala usimfikishie mama yake, ana kazi nzito ya wodi asije akasumbuka bure. Niandikie mimi kwanza.

Jibu upesi.

Mdogo wako


4 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu za mwanzo wa barua leo utanisamehe, zitakuwa fupi. Wazima.

Barua yako ilifika haraka mpaka karani wa posta kaniuliza kuna msiba gani. Wewe! Wewe ambaye mjomba alipofariki ulijibu kaburi limeshaota majani. Nikajiuliza, huyu kaguswa na Filimbi au kaguswa na nini? Nikaweka barua chini ya cherehani, nikaendelea na kazi. Sikumtoa shule, na wifi sikumpa amri yako. Nilitaka kwanza kuelewa.

Jumamosi nilikaa kushona zile nguo mbili za mtoto wa msimamizi. Kitambaa laini, kama ulivyoagiza. Kitufe alikuwa ananiokotea pini chini. Nilikuwa nakata shingo. Akainua kichwa akatazama, akasema, "Shangazi, ongeza shingo. Ile ya kwanza ilikuwa inambana, akivishwa analia."

Nikasema, "Nani?"

Mdogo wangu, sijui kama umewahi kumwona mtoto akijifunga mdomo kwa mikono miwili. Pini zote zilimwagika. Alikimbilia uani akatapika, akatapika mpaka ikawa maji matupu. Nilimshika paji la uso. Sikumuuliza neno lingine, na sitamuuliza. Mwenye kuuliza watoto yuko stooni kakalia ndoo, na mimi sitakaa kando yake.

Lakini mimi si mtoto. Mtoto wa msimamizi anaishi kwa msimamizi, na Kitufe alilala "bwenini". Bweni gani lina kichanga cha kuvishwa asubuhi? Na nani alikuwa akimvisha? Usinijibu, najua kuhesabu mpaka mbili. Mikono hii hii imeshona nguo za nyumba yako ya pili, na nikazipiga pasi, na nikamtuma wifi, mkeo, azipeleke posta akitoka kazini. Alizibeba yeye! Akasema, "Wifi, vishono vyako vidogo vinapendeza, natamani tungepata mwingine."

Nimenawa mikono na bado naona kinyaa.

Miezi yote hii nimepiga kelele juu ya uchafu wa shule. Vyoo, ndoo, shuka, rula ya kuinulia videvu. Bado ni uchafu, sifuti hata neno moja. Lakini wao wanamlazimisha mtoto kusema, na wewe umemlazimisha mtoto kuficha, na yeye yuko katikati na tumbo lake. Mwanamume mzima, fundi wa mitambo, umepata mzigo ukaona mabega ya kuubeba ni ya mtoto wa darasa la tatu. Ulimwambiaje? "Hii ni siri yetu mimi na wewe"? Ulimpa na peremende?

Juzi kaniuliza wakati namsuka, mgongo kanigeuzia. "Shangazi, mtu akimwahidi baba yake kitu, nani anaweza kumfungua?" Nikamwambia aliyefunga. Akasema, "Basi mpaka aje."

Kwa hiyo utakuja. Komunyo ni Jumapili ya kwanza ya Juni. Uje kabla, ukae na mkeo useme mwenyewe kwa mdomo wako, halafu umwite mwanao umwambie, "Nimekufungua." Hayo mengine ya ndoa yenu mtayajua ninyi, sitatia mkono. Wifi sijamwambia. Si kwa ajili yako. Naona habari hii inapaswa kutoka kwa mwenye nayo. Lakini kila asubuhi ananimiminia chai na mimi naangalia kikombe, na kwa hilo nakuchukia kidogo, mdogo wangu, nikiwa nimekubeba mgongoni tangu hujajua kutembea.

Nguo zile mbili sijazimalizia. Kichanga hana kosa, nitaziongeza shingo na nitazimaliza. Ila utazifuata mwenyewe.

Dada yako


20 Mei

Kwa Dada yangu mpenzi, mama yangu wa pili,

Baada ya salamu nyingi zisizo na idadi, ningependa kujua hali ya goti, hali ya mama mkwe, hali ya paka na watoto wake, na hali ya nyumba kwa jumla. Mimi ni mzima kiasi. Mvua zimekuwa nyingi huku, barabara mbovu, barua zinachelewa, ndiyo sababu ya ukimya wangu. Mtambo mpya umefika na mimi ndiye pekee ninayeuelewa. Wamenipandisha, sasa nina vijana wanne chini yangu. Nilijua utafurahi.

Kuhusu hilo jingine. Dada, wewe ni mtu mzima, umeona dunia. Mambo ya watu wawili kuishi mbali miaka miwili si mepesi, na jambo likishaingia haliingii kwa ubaya. Sikupanga. Nilikuwa na nia ya kulieleza kwa wakati wake. Kulieleza sasa, katikati ya sherehe ya mtoto, itakuwa kumwaga mchanga kwenye pilau. Tusubiri. Mwisho wa mwaka nitakuja na nitaweka kila kitu sawa.

Juni sitaweza. Vijana wanne bado hawajui kitu.

Kitufe atasahau. Watoto husahau. Ukiona bado anasumbuka, mwambie kwa upole kwamba aliota. Alikuwa na homa kidogo siku zile, homa huleta ndoto. Mwambie hapakuwa na mtoto wala mama yeyote, palikuwa na bweni tu. Wewe anakuamini. Akikataa, mkumbushe kile wanachofundishwa hukohuko kwa masista: waheshimu baba na mama. Baba akisema nyamaza, kunyamaza si dhambi, ni utii.

Nimemtumia viatu vyeupe kupitia dereva wa lori. Atapendeza. Mwambie avivae aone baba anamkumbuka.

Nisamehe, Dada. Usinihukumu kwa ukali wa mkasi wako.

Mdogo wako


12 Juni

Mdogo wangu,

Viatu vilifika. Ni vya namba aliyovaa darasa la kwanza. Kisigino kilibaki nje, akasema, "Si neno, Shangazi, nitampa binti wa Mama Maziwa, ana mdogo wake." Alivaa vya shule tukavipaka chokaa.

Sikumwambia aliota. Nilipofika pale kwenye barua niliiweka chini nikatoka nje nikatembea mpaka kwa kinyozi na kurudi. Nimeona choo cha shule ile, nimeona mabuu, na kwa hayo nilipata kinyaa cha kawaida cha mtu mwenye pua. Hiki chako hakinuswi kwa pua. Unataka nichukue macho ya mtoto nimwambie hayakuona. Filimbi hajafika hapo, na Filimbi ni mtu mchafu.

Sasa nikueleze siku ilivyokwenda, maana wewe ni baba na una haki ya kujua ulichokosa.

Kwanza mazoezi yale yalivunjwa. Mama Maziwa na seremala na mimi tulikwenda kwa paroko. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaenda stooni kwa miguu yake, akavuta shuka likaanguka, akatoka na ndoo akamkabidhi Filimbi. Akasema watoto wote wataungama kwake, na kisemwacho kwake kitakufa kwake. Kitufe alikaa huko ndani muda kuliko wenzake. Sijui alisema nini na sikuuliza. Alipotoka alikula mkate mzima njiani, lakini uso ulikuwa bado umefungwa. Padre alimsamehe dhambi zake. Za kwako hakuwa na namna ya kumsamehe yeye.

Jumapili akapokea komunyo na wenzake. Gauni lilimkaa. Nililia kidogo, nadhani na wifi pia, alikuwa kaomba ruhusa wodini na amevaa ile nguo ya bluu unayoijua.

Baada ya misa tukaingia ukumbini. Askofu kakaa mbele, Sista Mkuu kando yake kama aliyemzaa. Filimbi kaandaa onyesho, kila mtoto asimame na amri moja, aitaje, kisha aseme anavyoishika nyumbani. Majibu kawaandikia yeye, wameyakariri. Amri ya kwanza, makofi. Ya pili, makofi. Ya tatu, mtoto wa seremala kasema Jumapili kwao hawapaki mbao rangi, watu wakacheka kwa chinichini. Ya nne ilimwangukia Kitufe. Jibu alilopewa lilikuwa "Ninamheshimu baba yangu kwa kumtii, na ninamheshimu mama yangu kwa kumsaidia kazi." Nilikuwa nimemsikia akilikariri kutwa nzima akiosha vyombo.

Akasimama. Hakutabasamu, si la kanisani wala la sokoni. Akasema, "Amri ya nne, waheshimu baba na mama." Akanyamaza. Filimbi akaanza kumnong'onezea kutoka pembeni. Kitufe akasema kwa sauti, tena taratibu, "Mimi nimejaribu, lakini siwezi kuwaheshimu wote wawili kwa wakati mmoja." Akakaa.

Hapakuwa na makofi. Sista Mkuu alicheka kidogo kumtazamisha askofu pengine. Mimi sikuthubutu kugeuza shingo. Nikamsikia wifi anainuka. Alipita kati ya viti mpaka mbele kabisa, mbele ya askofu na matabasamu yote yale, akakaa sakafuni na ile nguo ya bluu, kando ya mwanawe, akamshika mkono, na akakaa hapo mpaka amri ya kumi.

Nyumbani alinitazama mimi kwanza. "Wifi, unajua?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Aprili."

Hakuzungumza nami siku iliyofuata wala ya pili yake. Chai nilijimiminia mwenyewe. Alikuwa na haki. Hilo nalo limo kwenye hesabu yako na yangu.

Siku ya tatu, baada ya mimi kumweleza lile swali la Kitufe la kufunguliwa, kamwita pale sebuleni, mimi nikiwa kwenye cherehani. Hakumuuliza swali lolote. Kamwambia, "Mwanangu, aliyekufunga ni baba yako. Mimi ni mama yako, nguvu zetu kwako ni sawasawa. Nimekufungua. Kama hutaki kusema, usiseme. Umefunguliwa tu."

Mdogo wangu, alisema! Redio ilirudi. Alisema kama anayetaja jedwali la kuzidisha. Kushuka kwenye kituo cha mwisho, kupita kinu cha nafaka, kichochoro chenye fundi baiskeli, nyumba ya tatu, mlango wa kijani wenye ufa chini ambao paka huingilia. Mama yule ni mpole, alimpa chapati. Mtoto ana alama hapa kwenye shavu kama ya baba. Baba hulala chumba cha nyuma. Ufunguo wa akiba uko chini ya chungu cha maua. Alipomaliza akaomba chakula, akala sahani mbili, akalala papohapo juu ya vitambaa.

Wifi aliandika yote hayo nyuma ya karatasi ya hospitali. Kisha kaniuliza kama zile nguo mbili za kichanga nimezimaliza. Nikasema ndiyo, na shingo nimeongeza. Akazikunja yeye mwenyewe vizuri, akazitia kwenye mkoba.

Amepanda basi la leo alfajiri. Mimi nimetoka kumsindikiza, na naandika haya hapahapa posta, nimesimama. Basi hufika kabla ya barua, unalijua hilo na mimi nalijua. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kukuonya. Kukuonya nilikuonya Aprili.

Ukisoma haya, yeye atakuwa ameshabisha hodi. Natumaini ulifungua wewe, hukumtuma mtu.

Dada yako